Mkono wa Pili wa Sweta

Bogotá, 24 Januari 1993

Dada Torbjørg,

Eilert ameondoka jana asubuhi. Meli yake haimsubiri mtu. Nilimsindikiza mpaka mlangoni tu, maana Yurani alikuwa amelala begani kwangu na sikutaka kumwamsha. Akambusu kisogoni, akaniambia, "Usimwache anisahau." Nikamwambia mtoto wa miezi kumi na minne husahau hata uji alioula asubuhi. Hakucheka. Sasa tumebaki wawili katika chumba namba nne cha nyumba ya wageni ya Mama Eucaris: kitanda changu, kitanda chake, na dirisha linalotazama kamba za nguo za jirani.

Uliniambia nikueleze mambo yalivyo, nisikueleze ninavyojisikia. Ni hivi. Mtoto tumekabidhiwa, lakini si wetu mpaka hakimu atie saini. Hakimu hatii saini kwa sababu makarani wa mahakama wamegoma tangu tarehe 11. Wamekaa kwenye ngazi na mabango yao, wanacheza karata. Ijumaa tulikwenda kuwaona. Mmoja mwenye masharubu alimpakata Yurani, akasema, "Huyu ameshakuwa Mnorwe. Tazama anavyoniangalia, utadhani nimechelewa kazini." Eilert akamjibu, "Kwani hujachelewa?" Wakacheka wote. Faili letu halikufunguliwa.

Jambo la pili ni kibali chetu cha kuasili mtoto, kile cha huko nyumbani. Kinaisha tarehe 31 Machi. Kikiisha kabla ya hukumu, hakimu hawezi kutupa mtoto, na Yurani atarudishwa kwenye kituo cha watoto. Eilert ameshaomba kiongezwe. Bi. Mevik wa ofisi ya ustawi anasema ni jambo la kawaida tu: atawapigia tena mashahidi wetu wawili, wewe na mwalimu mkuu, awaulize kama kuna kilichobadilika. Akikupigia mwambie hakuna, ila nimejifunza kukaanga ndizi.

Humu ndani ya bahasha kuna nyuzi mbili. Mweupe ni urefu wa mkono wake, kutoka kwapani hadi kwenye kiganja. Wenye fundo ni kifua. Ulisema utamfumia sweta. Basi mfumie yenye nafasi, anakula kama mpakuzi wa bandarini.

Usiwe na wasiwasi nami. Mama Eucaris ana binamu mwenye lori linalokwenda mpakani kila Alhamisi. Nimemwambia wakitunyima saini nitamfunga Yurani mgongoni, tupande lori, watutafute. Ameniahidi kiti cha mbele.

Maua ya dirishani yamwagilie kidogo kidogo, usiyazamishe.

Mdogo wako,
Ragnhild


Sandvær, 4 Februari 1993

Mdogo wangu,

Barua yako imefika jana na feri ya mchana. Nimeisoma mara mbili, kisha nikamsomea mama, nikaruka yale ya mgomo maana angeanza kuulizia mishahara ya makarani. Anakusalimu. Goti lake linamsumbua, lakini ulimi uko salama.

Theluji imefika kwenye kingo ya dirisha lako la jikoni. Maua yako mazima. Nimezima joto chumba cha juu, nimeacha la chini ili mabomba yasigande. Chumba cha mtoto sijakigusa. Kitanda kimekaa kama mlivyokiacha.

Bi. Mevik alipiga simu leo saa nne asubuhi, barua yako ikiwa bado mezani mbele yangu. Anauliza polepole na kuandika polepole zaidi. Nimemjibu alichoniuliza.

Sufu nimenunua dukani kwa Hjørdis: nyekundu ya mwili, kijivu ya shingoni. Nyuzi zako nimezipima. Nimeanzisha mishono ya kwanza.

Lile la lori, Ragnhild, lilikuwa mzaha?

Dada yako,
Torbjørg


Bogotá, 15 Februari 1993

Dada,

Lori lipi? Ah, lile. Tangu lini unahitaji kuelezwa mzaha? Binamu mwenyewe ana miaka sabini na lori halina breki.

Habari kubwa: Ijumaa tarehe 12, saa tano na robo, Yurani alitembea hatua nne, kutoka kitandani hadi kwenye kiti. Ya tano alikaa. Ananiita "ma", lakini na friji ya Mama Eucaris anaiita hivyo hivyo, kwa hiyo sijajivuna. Haniachi. Nikienda chooni anakaa mlangoni na kugonga kwa kijiko mpaka nitoke.

Siku zetu zinafanana. Asubuhi mkate kwa mwoka mikate wa pembeni, anayempa Yurani kipande cha jibini na mimi maoni yake kuhusu namna ninavyomvisha. Kila mwanamke wa mtaa huu ananisimamisha barabarani. "Mama, huyo mtoto anapigwa baridi." Ana kofia, soksi, na blanketi. Nakwambia, hapa mtoto mwenye jasho ndiye mtoto aliyetunzwa. Halafu mahakamani, kuwaangalia makarani. Halafu nguo. Halafu mvua, ambayo hunyesha saa nane kamili.

Chumba namba mbili kuna Mdenmarki, Birthe, ana wiki ya kumi na moja hapa. Jana alisema, "Wiki ya tatu unalia. Ya sita unagombana na mumeo kwenye simu. Ya tisa unajifunza kuosha sakafu, maana Mama Eucaris amechoka kukutazama." Mimi niko ya sita, na nimeshaanza na sakafu.

Kuhusu kibali hatujasikia neno. Mwalimu mkuu amemwambia Eilert kwamba mazungumzo yake na Bi. Mevik yalikuwa ya dakika kumi. Sasa Eilert yuko baharini hadi mwisho wa mwezi. Nenda wewe, tafadhali. Vuka na feri, ingia ofisini kwake, ukae mbele yake mpaka akwambie karatasi iko wapi. Hakuna mwingine ninayeweza kumtuma. Ukisema wewe, nalala.

Sweta imefika wapi?

Mdogo wako,
Ragnhild


Sandvær, 25 Februari 1993

Mdogo wangu,

Nilikwenda Jumanne. Bi. Mevik alinipa kahawa. Anasema karatasi zenu ziko mezani, zinapitiwa, na mambo haya yana hatua zake. Sikupata zaidi ya hayo.

Nimekuwa nikifikiri. Karibu wiki tano peke yako na mtoto katika chumba kimoja ni nyingi. Si ungerudi upumzike, Eilert aende badala yako zamu yake ikiisha? Hakuna atakayekulaumu. Mama pia anasema hivyo.

Hatua nne ni nzuri. Sivert wangu alitembea na miezi kumi na sita, na sasa ana miaka saba na hakai.

Mwili wa sweta nimemaliza, na mkono mmoja. Umebaki mkono wa pili. Nitaituma pamoja na biskuti.

Dada yako,
Torbjørg


Bogotá, 7 Machi 1993

Dada,

Haraka, maana Birthe anaondoka kesho na atapeleka barua hii kwenye posta ya huko kwao. Mgomo umeisha. Alhamisi hakimu alifungua faili letu. Amesema kila kitu kipo isipokuwa kibali kipya. Akikipata mezani, atatia saini ndani ya wiki mbili.

Lakini Eilert amepiga simu leo. Bi. Mevik amemwambia kibali kimesimama kwa sababu ofisi imepokea "taarifa mpya kuhusu mwombaji". Mwombaji ni mimi. Hakusema taarifa gani wala imetoka kwa nani. Eilert ameomba nakala ya faili zima. Ni haki yetu, sheria inasema kila lililoandikwa juu yako unaruhusiwa kulisoma, na wanatakiwa kutoa ndani ya siku chache.

Mimi sihitaji nakala. Ni Jorunn. Mama mkwe huyu tangu mwanzo alisema, "Kwani watoto wa hapa wameisha?" Alisema kwenye meza yangu, akila keki yangu. Leo nimemwandikia. Nimemwambia ana kwake na abaki kwake, na kwamba hatamwona mtoto huyu hata kwenye picha. Karatasi mbili, pande zote.

Kurudi sirudi. Nikitoka kwenye mlango huu bila hukumu, wanakuja kumchukua siku hiyo hiyo. Juzi mtu wa kituo alikuja kukagua chumba. Yurani alipoona gari lao alijificha chini ya sketi yangu na kushika goti. Hakulia. Alishika tu.

Niambie wewe: umesikia Jorunn akisema lolote?

Ragnhild


Sandvær, 15 Machi 1993

Mdogo wangu,

Barua yako imekuja haraka kweli, stempu ya Denmark. Nimeisoma nikiwa nimesimama.

Jorunn sijamsikia kwa masikio yangu. Lakini unamjua mdomo wake, na yeye na Bi. Mevik huimba kwaya moja. Siwezi kusema zaidi ya hapo. Usiumize kichwa na nani kasema nini. La maana ni wewe kupumzika. Huenda ofisi inataka tu kuhakikisha kwamba hujachoka kupita kiasi, na hilo si jambo baya.

Mama anakusalimu. Maua mawili yametoa vichwa.

Sweta, bado ule mkono wa pili. Nilikosea hesabu ya mishono nikaufumua, ndiyo maana umechelewa.

Dada yako,
Torbjørg


Kwa faksi, kupitia ofisi ya chama cha wazazi, Bogotá
18 Machi 1993

Ragnhild,

Nakala ya faili imefika leo. Ukurasa wa saba naufuatisha hapa kama ulivyo:

"Tarehe 4 Februari, kwa simu, shahidi wa kwanza, dada wa mwombaji, anasema angependa kubadili maelezo yake ya awali. Anasema kwamba mwaka 1986, baada ya kujifungua mtoto aliyekufa, mwombaji alilala kitandani nyumbani kwa shahidi wiki saba bila kuzungumza. Katika wiki ya saba alimchukua mtoto wa shahidi, mwenye miezi minne, bila kuaga, na kukaa naye kwenye feri kutwa. Mtoto hakudhurika. Shahidi anasema ana hofu kwamba mwombaji, akinyimwa hukumu huko aliko, atajaribu kuondoka na mtoto. Anasema mwombaji amemwandikia hivyo. Shahidi anaomba mazungumzo haya yasimfikie mwombaji. Afisa amemweleza kwamba hilo haliwezekani kuahidiwa."

Mama yangu hajatajwa popote.

Nimekwenda kwa Torbjørg. Nilimuuliza kama ni kweli. Akasema ni kweli. Nikamuuliza sweta iko wapi, akasema imebaki kumaliziwa. Mfuko wa duka ulikuwa juu ya kabati. Vibunda vyote vya sufu vina karatasi zake, havijafunguliwa, na nyuzi zako mbili zimo ndani. Nimeuchukua. Hakunizuia.

Yale ya kitandani niliyajua. Ya feri nimeyasoma leo. Mwaka ule nilikuwa melini, nikarudi mkaniambia umepata nafuu. Miaka saba mmenitazama usoni, nyote wawili. Hilo tutaliongea ukifika.

Sasa ni haya. Bi. Mevik anasema bado una nafasi ya kujieleza kwa maandishi kabla ya tarehe 26. Andika leo. Andika kila kitu. Usiache hata dakika.

Eilert


Bogotá, 25 Machi 1993

Torbjørg,

Barua yako ya tarehe 15 imefika jana. Niliisoma nikiwa na ukurasa wa saba siku tano nzima. Kwa hiyo najua kwamba ulipoandika "unamjua mdomo wake", ulikuwa unajua mdomo ulikuwa wa nani.

Nitakuandikia kwa mpangilio ili usiseme baadaye kwamba nilikuwa na hasira nikachanganya.

Moja kwa moja: ulichosema ni kweli. Nililala wiki saba. Nilimchukua Sivert. Nilimvisha, nikamtia kwenye kigari, nikapanda feri ya saa mbili na nusu, na tulivuka kwenda na kurudi mara nne. Nilimpa chupa zake kwa wakati. Kwenye fomu ya ofisi kuna swali, "Umewahi kuugua kwa namna inayoweza kuathiri malezi?" Nikajibu hapana. Wewe ulikuwa umekaa pembeni yangu nikijaza. Ulinisukumia kalamu.

Hayo yote nimeyaandikia ofisi tarehe 19, karatasi nne, kwa mkono wangu, na Mama Eucaris alikaa na Yurani barazani mpaka nilipomaliza. Hujatoa siri yangu tu. Umetoa siri uliyonisaidia kuificha.

Ungeniandikia: Ragnhild, nimeogopa, nimesema. Ningekulaani, halafu ningejieleza mwezi mzima mapema. Badala yake ulininyamazia, nikakutuma kwenye ofisi ile ile ukaniulizie mambo uliyoyasababisha, na ukaenda, ukanywa kahawa. Ulirudi ukaniandikia kwamba karatasi ziko mezani. Ulinishauri nirudi nyumbani, ukijua kwamba nikirudi nampoteza.

Na Jorunn. Nilimpigia simu Jumamosi kumwomba radhi. Akasema, "Barua yako nimeitia kwenye kitabu cha mapishi. Nikitaka kukukasirikia nitajua ilipo." Nikasema sina cha kujitetea. Akasema, "Huna kweli. Sasa niambie, huyo mtoto anakula nini, na ana meno mangapi?" Jumatatu alivuka na feri akaenda mwenyewe kwa Bi. Mevik. Hakuitwa na mtu. Mimi nilimwandikia kwamba hatamwona Yurani hata kwenye picha, na yeye amekwenda kuniombea nimlete.

Nimekutana na wenye mabango, nimekutana na hakimu, nimekutana na mtu wa kituo anayefungua makabati yangu. Hakuna hata mmoja aliyeniambia mkono mmoja umekwisha na umebaki wa pili.

Zimebaki siku sita.

Ragnhild Aune


Ofisi ya Ustawi wa Jamii ya Manispaa
29 Machi 1993

Kwa Bi. Ragnhild Aune na Bw. Eilert Aune

YAH: KUONGEZWA KWA KIBALI

Ofisi imeamua kuongeza kibali chenu hadi tarehe 30 Septemba 1993. Uamuzi umezingatia maelezo ya mwombaji ya tarehe 19 Machi, cheti cha daktari wa wilaya, ripoti ya mkaguzi wa kituo cha Bogotá, na maelezo ya mama mzazi wa mwombaji mwenza, aliyefika ofisini kwa hiari yake tarehe 22 Machi.

Ofisi inawakumbusha waombaji kwamba swali la afya kwenye fomu hujibiwa kwa ukweli. Shahidi aliyebadili maelezo yake alitimiza wajibu wake, na ofisi haina neno naye.

Nakala imetumwa Bogotá kwa faksi leo.

S. Mevik


Sandvær, 5 Aprili 1993

Ragnhild,

Sijui nikuite nani sasa, kwa hiyo nakuita jina lako.

Mwalimu mkuu ameniambia dukani kwamba mmepata kibali. Nilishika rafu. Najua huniamini, lakini nilishika rafu.

Umeandika kwa mpangilio, nami nitajaribu. Siku ile ya feri nilirudi kutoka zizini na kitanda cha Sivert kilikuwa kitupu. Nilikwenda kwenye visima, wewe hukuambiwa hilo. Visima kwanza, kisha gatini, nikatazama chini kwenye maji kati ya nguzo. Saa saba mkata tiketi Odd-Arne ndiye aliyepiga simu: "Torbjørg, dada yako anavuka tu, hashuki. Nimpe supu?" Nilipokufikia ulikuwa umekaa mkahawani mwa feri, meza ya kona, Sivert amelala kifuani kwako. Uliniambia, "Tulikuwa tunarudi." Kila safari mlikuwa mnarudi. Nilimchukua mtoto, nikakushika mkono, tukaenda nyumbani, na kuanzia kesho yake ukaanza kuzungumza. Nikajiambia basi, limekwisha, na nilipokusukumia ile kalamu niliamini limekwisha.

Halafu barua yako ya lori. Unasema ulikuwa mzaha. Mimi niliisoma jikoni, mahali pale pale nilipopokea ile simu ya Odd-Arne, na sikuona mzaha. Niliona kitanda kitupu. Kesho yake saa nne Bi. Mevik akapiga, akauliza, "Kuna kilichobadilika?" Nikasikia mdomo wangu unasema.

Kama ningekutana na hofu ile ile leo, ningesema tena. Sitakudanganya katika hilo, nimeshadanganya ya kutosha.

Mengine yote sina maelezo. Jibu lako kwamba ni mzaha lilinifikia mwisho wa Februari, kabla sijakwenda ofisini, na ningeweza kumweleza Bi. Mevik siku ile ile aliponipa kahawa. Sikumweleza. Niliona aibu, na aibu ilipokaa wiki moja ikawa rahisi kukaa ya pili. Jorunn uliniletea mwenyewe. Ulikuwa umeshampata mkosaji, nami nikakuachia. Hilo ndilo linaloniamsha.

Kuhusu sweta. Niliinunua sufu siku barua ilipofika, na nilikusudia. Baada ya ile simu, kila nikishika sindano nilimwona mtoto niliyemfungia mlango. Lakini wewe kila barua ulikuwa unauliza. Nikaandika nilichofikiri kingekufurahisha.

Watu wa kisiwa wanasema watakwenda na bendera uwanja wa ndege kuwapokea, kama tulivyofanya kwa watoto wa mchungaji. Naomba kuja. Nitasimama nyuma.

Torbjørg


Bogotá, 19 Aprili 1993

Torbjørg,

Hakimu ametia saini Ijumaa tarehe 16, saa nne na dakika kumi. Yule karani mwenye masharubu ndiye aliyegonga muhuri. Akasema, "Haya, Mnorwe, sasa na wewe nenda ukachelewe kazini kwako." Yurani akamnyooshea kijiko.

Eilert anakuja Alhamisi kutuchukua. Tunafika wiki ijayo.

Ya visima sikuyajua. Nimeyasoma mara nyingi. Ningeyajua miaka saba iliyopita, nisingejibu hapana kwenye ile fomu. Nakuandikia hili kwa sababu ni kweli. Halifuti kitu.

Uwanja wa ndege usije. Nitakuwa na mtoto ambaye hajui mtu yeyote pale, na atamtazama yule nitakayemtazama. Sitaki amtazame mtu ambaye sijui nimwite nani.

Ufunguo wa nyumba mpe Jorunn. Maua pia.

Ragnhild


Sandvær, 2 Mei 1993

Ragnhild,

Naandika kutoka kilomita mbili, na barua hii itavuka na feri kwenda kupigwa muhuri ng'ambo, kisha itavuka tena kurudi kwako. Ningeweza kuileta kwa miguu. Nimeona ni bora upate nafasi ya kutoifungua.

Uwanja wa ndege sikuja. Ufunguo nilimpa Jorunn, na maua, moja lilikuwa limevunjika shina, nimelifunga kwa kijiti. Alipokea mlangoni. Nikamwambia, "Jorunn, nina neno la kukuambia." Akasema, "Unalo kweli. Lakini nina keki kwenye jiko," akafunga mlango. Hakuufunga kwa nguvu.

Jumatano sikupanga. Nilikuwa nimempeleka mama kwa daktari wa goti, tukawahi feri ya saa tisa, na gari lenu lilikuwa safu ya mbele yetu. Mama alipanda juu kuwaona. Mimi nilibaki garini. Odd-Arne akaja kukata tiketi, akagonga kioo: "Torbjørg, dada yako yuko juu na binti. Kisiwa kizima kiko juu. Wewe huendi?" Nikamwambia nina mafua. Akanitazama. Odd-Arne si mjinga. Akasema, "Basi kaa hapa, usimwambukize," akaenda zake.

Nusu ya safari nilishuka garini. Nilipanda ngazi mpaka kwenye mlango wa mkahawa, ule wenye kioo, sikuufungua. Mlikuwa mmekaa meza ya kona. Sijui kama uliichagua au ndiyo iliyokuwa tupu. Eilert alikuwa ameshika mabegi kama mtu atakayeibiwa. Mama alikuwa analia na kula kwa wakati mmoja. Jorunn alikuwa amepiga magoti sakafuni, na umri wake ule, na mtoto anatembea kutoka kwako kwenda kwake. Nilihesabu hatua. Kumi na moja, na hakukaa.

Mtoto alikuwa amevaa sweta nyekundu, shingo ya kijivu. Sufu ile naijua, niliichagua mwenyewe, nilimfanya Hjørdis ashushe rafu nzima. Jorunn anafuma kwa kukaza, si kama mimi.

Alipomfikia aliinua mikono yote miwili ili apakatwe. Nimeitazama vizuri, Ragnhild. Yote miwili inafika kwenye kiganja.

Torbjørg